Mwalimu wa Jiografia na Wapagazi wa Pwani

Tuliopita shuleni twalijua jina la Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha Mlima Kenya tarehe 13 Septemba 1899. Wachache wetu twajua kwamba mtu huyo hakuwa askari wala mfanyabiashara. Kazi yake ilikuwa kusomesha.

Alizaliwa mwaka 1861 katika mji wa Gainsborough, mwana wa tabibu. Katika Chuo Kikuu cha Oxford alisoma kwanza ilimu ya maumbile, kisha historia. Kwa hiyo aliiona jiografia kuwa daraja baina ya ilimu ya ardhi na ilimu ya wanadamu. Mwaka 1887, umri wake miaka 26, Oxford ilimpa kazi ya kuifundisha. Kwa masimulizi yake mwenyewe, darasa lake la kwanza lilikuwa na watu watatu: mwanachuoni mmoja, na wanawake wawili waliokuja na kazi zao za kufuma!

Zama hizo jiografia ilikuwa kukariri majina ya rasi, mito na miji. Mackinder alitaka mwanafunzi aulize: kwa nini mji huu uko hapa, wala si kule? Alitumia ramani na picha za taa ili mtu aione nchi kwa jicho la moyo. Mimi niliyelelewa chuoni siidharau hifadhi. Kilichohifadhiwa ni akiba. Lakini hata mwalimu wangu alituambia kuwa lafudhi bila maana ni nusu ya ilimu.

Sasa, watu wa zama zake walimwona mwanajiografia kuwa ni msafiri kwanza. Mackinder naye akataka kuwaonyesha kuwa anaweza. Mwaka 1899, reli ilipokuwa imekwisha fika Nairobi, alitoka na Wazungu wenzake watano, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na viongozi wawili wa Kimaasai. Bara ilikuwa na njaa na ndui. Kileleni alifika na Waitalia wawili, César Ollier na Joseph Brocherel. Mwaka uo huo Oxford ikafungua skuli ya jiografia, naye akawa mkuu wake.

Lakini katika karatasi za safari ile mna orodha ya wapagazi, na kando ya majina manane ya Waswahili pameandikwa kuwa walipigwa risasi kwa amri. Amri ya nani, na kwa kosa gani? Wajuzi wangali wakibishana.

Mackinder alifariki mwaka 1947, na mlimani liko bonde liitwalo kwa jina lake. Wale wanane hawana hata jiwe. Yeye alitufunza kuuliza kwa nini. Basi swali hilo na tumrudishie. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee ajuaye habari za babu aliyekwenda bara mwaka ule asirudi, kaa naye, uyaandike maneno yake kabla hajatutoka.