Umeongeza dereva kwenye bima ya kirikuu? Taja na kazi atakayofanya

Leo viwavijeshi vitasubiri kidogo. Mwezi huu vijana watatu hapa Ulyankulu wameniuliza swali lile lile: "Afisa, gari nimelikatia bima kubwa, sasa dogo ndiye ananiendeshea, jina lake naliongezaje?" Kuongeza jina ni rahisi. Ila ni hapo hapo kwenye jina ndipo mimi nilipopotezea gari.

Nilinunua kirikuu kwa mkopo. Kwenye fomu ya bima, sehemu ya matumizi nikajaza "binafsi", na wakati ule ilikuwa kweli: kazini, nyumbani, kanisani. Msimu uliofuata nikamkabidhi mdogo wangu. Nikampigia wakala, akataka nakala ya leseni ya dogo na umri wake. Kisha akauliza, "Matumizi ni yale yale?" Nikajibu, "Yale yale."

Jamani, nilikuwa najua. Dogo alikuwa anabeba marobota ya tumbaku ya majirani kuyapeleka ghala la AMCOS, na mahindi ya watu kwenda mnadani, kwa malipo. Sisi watu wa Tabora kubeba mizigo ya watu kwa ujira tumeanza zamani, tangu wapagazi wa Kinyamwezi wanakwenda Bagamoyo, kwa hiyo jirani akikuomba huwezi kumkatalia. Lakini nilijua pia kwamba nikisema ukweli ada itapanda, nikanyamaza.

Siku moja lori likampita kwenye vumbi, dogo hakuona kona. Alitoka na mkono uliovunjika, gari likawa chuma chakavu. Mtathmini alipofika alimuuliza swali moja tu: mzigo ni wa nani? Dogo ni mkweli, akasema ni wa jirani na kalipwa. Dai likakataliwa. Nikawaza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi ipo kwa ajili ya mambo hayo, lakini ningemwambia nini wakati sahihi kwenye fomu ni yangu? Mkopo niliendelea kuulipa miezi 14 nikitembelea baiskeli.

Sasa elewa inavyofanya kazi. Bima inategemea wewe kusema kila jambo linalobadilisha hatari. Dereva ni moja, matumizi ni jingine, na mkataba wako una mipaka ya yote mawili. Kumwandikisha dereva hakubadilishi matumizi. Na usidhani kila kinachobeba gunia ni "biashara" moja: kubeba mazao ya shamba lako mwenyewe ni tofauti na kubeba ya watu kwa malipo. Mwambie wakala hivyo hivyo kwa maneno ya kawaida, kwamba dogo atabeba mahindi yangu, na siku za soko atabeba ya majirani kwa hela. Yeye ndiye apange ni kundi gani. (Ukibeba ya watu kwa malipo kuna na leseni ya LATRA, hiyo tutaiongea siku yake.)

Wenye bima ndogo msijisahau. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inailazimisha kwa ajili ya watu wengine mtakaowaumiza, gari lenu hailigusi. Hata hivyo nayo fomu yake inauliza matumizi.

Wenye trekta pia, mnaolimia watu kwa ekari: hiyo ni kazi ya kulipwa, isemeni.

Simu peke yake haitoshi. Dai karatasi ya nyongeza ya mkataba yenye jina la dereva na matumizi mapya, isome kabla ya kulipa, kisha hakiki bima ya gari lako kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya usajili. Kirikuu yangu ya sasa, nakala ya karatasi hiyo ipo kwenye dashibodi, na dogo anajua ilipo.