Je, Wajua? Kompyuta ya Masomoni: Inunuliwe Arusha au Ng'ambo?

Barua ya chuo imefika, viza imetoka, na mzee ameshauza ng'ombe wawili mnadani. Limebaki swali linaloigawa familia: kompyuta mpakato inunuliwe hapa nyumbani, au kijana akainunue hukohuko? Kabla hamjaamua, someni haya.

TULIKOTOKA

Je, wajua kuwa kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965? Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, na marufuku hiyo iliondoka miaka ya 1990. Kijana wa Dongobesh aliyepata nafasi ya kusoma nje mwaka 1980 hakuwa na swali la duka lipi.

Je, wajua kuwa Osborne 1, kompyuta ya kubeba iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, yaani zaidi ya nusu debe la mahindi? Na bado ilitaka kuchomekwa ukutani, kwa kuwa haikuwa na betri ndani. Siku hizi mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida mzigo wa mkononi wa kilo 7 tu.

UMEME NA PLAGI

Je, wajua kuwa plagi yetu ya miguu mitatu bapa ndiyo hiyohiyo ya Uingereza, Ireland, Malaysia na Falme za Kiarabu? Anayekwenda huko na kompyuta ya Arusha anachomeka tu.

Wilaya ya Hanang inaijua Canada tangu enzi za mashamba makubwa ya ngano ya Basotu. Je, wajua kuwa umeme wa Canada na Marekani ni volti 120, wakati wetu ni volti 230? Usiogope. Geuza chaja usome maandishi yake madogo: ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, inakubali umeme wa huko na wa kwetu. Utahitaji adapta ya plagi, si transfoma.

Wilaya ya Mbulu nayo inaijua Norway kupitia Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Kinorwe mwaka 1955. Huko umeme ni volti 230 kama wetu, ila plagi ni ya miguu miwili ya duara, sawa na Ujerumani.

Je, wajua kuwa chaja nyingi zina waya unaochomoka kati ya ukuta na kile kitofali? Badilisha waya huo peke yake ukifika, na chaja yako ya nyumbani inaendelea na kazi.

Na je, wajua kuwa Umoja wa Ulaya umepanga kuwa kuanzia tarehe 28 Aprili 2026 kompyuta mpakato mpya zinazouzwa huko zichajiwe kwa tundu la USB-C? Ukinunua hapa yenye tundu hilo, kuazima chaja bwenini hakutakusumbua.

KIBODI

Je, wajua kuwa kibodi tuliyoizoea haiko kila nchi? Ujerumani na Hungary herufi Z na Y zimebadilishana nafasi. Ufaransa A imekaa palipo na Q yetu, na mpangilio huo umeenea hadi Algeria. Uturuki, kitufe chetu cha i kinatoa i isiyo na nukta. Norway wana vitufe vya Æ, Ø na Å. Mpangilio unaweza kuubadilisha ndani ya mashine kwa dakika moja, lakini maandishi juu ya vitufe yatabaki yaleyale, na vidole vitakosea usiku wa kuamkia mtihani.

Hili ni la Wairaqw hasa. Kiswahili hakina haja na Q wala X, ila Kiiraqw kinazitumia zote mbili. Mwanaisimu Maarten Mous, katika sarufi ya Kiiraqw aliyoitoa mwaka 1993, aliandika sauti moja ya kooni kwa alama ya mkwaju: /. Kwenye kibodi yetu mkwaju ni kitufe kimoja. Kwenye kibodi ya Kijerumani au ya Kinorwe ni lazima ubonyeze Shift na 7. Anayemwandikia bibi yake kwa Kiiraqw atauona mzigo huo.

KODI NA BEI

Je, wajua kuwa katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta ziko kwenye kundi la 0%? Muuzaji akikwambia bei imepaa kwa sababu ya ushuru wa forodha, mwulize vizuri. Mengine yapo: usafirishaji, bei ya dola, kodi nyingine na faida yake.

Je, wajua kuwa kodi ya ongezeko la thamani ni 27% Hungary, 25% Norway, 20% Uingereza, 19% Ujerumani, 13% China na 5% tu Falme za Kiarabu? Kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara ni 18%. "Ulaya ni rahisi" si kauli ya kumeza nzima.

Je, wajua kuwa Canada na Marekani bei iliyobandikwa kwenye bidhaa kwa kawaida haijajumlisha kodi? Unafika kaunta, hesabu inaongezeka. Uingereza na Ulaya kodi imo tayari ndani ya bei.

Wapo wanaotegemea kurudishiwa kodi uwanja wa ndege. Je, wajua kuwa England, Scotland na Wales ziliufuta utaratibu huo kwa bidhaa za begini tangu Januari 2021?

Hata hivyo, kampuni kadhaa kubwa hupunguza bei kwa wanafunzi, na mara nyingi hutaka barua pepe ya chuo. Barua pepe hiyo huipati ukiwa Katesh. Huipata baada ya kusajiliwa.

WARANTI

Je, wajua kuwa waranti za kompyuta nyingi hufanya kazi katika nchi au kanda ziliponunuliwa tu? Uliza dukani kama ni ya kimataifa, na uone imeandikwa. Dai risiti ya EFD, ipige picha, ujitumie kwa barua pepe.

Je, wajua kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi angalau miaka 2 ya kumdai muuzaji kitu kikiwa na kasoro? Norway, kwa bidhaa zinazotarajiwa kudumu muda mrefu, ni miaka 5. Hapo ndipo ile kodi ya 25% inapoanza kurudisha fadhila.

MTUMBA

Je, wajua kuwa Microsoft iliacha kuihudumia bure Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025? Windows 11 nayo haikubali kila mashine. Kwa prosesa za Intel Core, kwa kawaida hutaka kizazi cha 8 kwenda mbele. Soma namba baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, inapita, i5-7200U ni cha 7, haipiti. Bei ya kutupa kwa mashine ya i5-7200U ina sababu yake.

Je, wajua kuwa unaweza kuipima betri ya mtumba papo hapo dukani? Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti inayotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ukikuta imebaki nusu, punguziwa bei au ondoka.

Na MacBook ya mtumba? Hakikisha mwenyewe wa zamani amejitoa kwenye akaunti yake mbele ya macho yako. Kufuli la Apple likibaki, umenunua sinia.

NDEGE NA MLIMA

Je, wajua kuwa betri ya hadi saa-wati 100 inaruhusiwa ndani ya ndege, na ya 100 hadi 160 hutaka kibali cha shirika? Pawabenki na betri za akiba hazipakiwi kwenye begi la chini. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama saa-wati 74, hivyo inapita.

Machi 2017 Marekani ilizuia kompyuta mpakato ndani ya kabini kwa ndege zilizotoka viwanja 10, vikiwemo Dubai na Doha wanakopita Watanzania wengi. Zuio liliondolewa Julai mwaka huohuo. Kanuni hubadilika, soma za shirika lako wiki ya safari.

Je, wajua kuwa watengenezaji wengi huipima kompyuta ifanye kazi hadi mita 3,048 juu ya usawa wa bahari? Kilele cha Hanang kinazidi mita 3,400. Diski ya kuzunguka ndiyo dhaifu zaidi, kwa sababu kichwa chake huelea juu ya hewa, na huko hewa ni nyepesi. SSD haina kinachozunguka. Haiogopi mlima wala makorongo ya barabara ya vumbi.

KABLA YA KUAGA

Je, wajua kuwa SolidWorks ya wahandisi na ArcGIS Pro ya wachora ramani zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, si Mac? Na kwamba vyuo vingi huwapa wanafunzi wao Microsoft 365 bila malipo, huku LibreOffice ikiwa bure kwa kila mtu? Usimlipe fundi kwa Office ya wizi.

Anayekwenda China ajue kuwa Google, Gmail na WhatsApp zimezuiwa huko. Vyeti vyako vilivyo Google Drive vishushe kwenye mashine ukiwa bado nyumbani.

HUKUMU YA SAFU HII

Unakwenda Ujerumani, Norway, Ufaransa, Hungary, Algeria au Uturuki? Nunua Arusha, yenye kibodi ya Kiingereza na waranti ya kimataifa. Unakwenda China? Nunua hapa pia, uipange kabisa kabla ya kupanda ndege. Unakwenda Uingereza, Canada au Marekani, na simu yako inaweza kukuvusha wiki mbili za kwanza? Beba fedha, sajiliwa, kisha ununue kwa bei ya mwanafunzi. Kokote uendako, iandikie idara yako kwanza uulize programu watakazotumia, ndipo uingie dukani.