Seva Ilihama, Kompyuta Haikuambiwa

Chukua ofisi ya uhasibu yenye kompyuta sita za Windows XP, zisizostaafishwa kwa sababu programu ya mishahara haitaki kukaa kwingine. Mwisho wa wiki seva ya mafaili imebadilishwa na kupewa anwani mpya. Jumatatu asubuhi kompyuta tano zinaendelea na kazi, ya sita imegoma.

"Fundi, Ijumaa ilikuwa inafungua vizuri tu," analalamika mhasibu.

"Haya mama, hebu niione."

Fundi anafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika nslookup, kisha jina la seva. Jibu linakuja: 192.168.1.20, anwani mpya, sahihi kabisa. Anaandika ping na jina lile lile. Sasa kompyuta inabisha hodi 192.168.1.10, nyumba ambayo wenyewe walishahama.

Mashine moja, jina moja, majibu mawili. Wengi wakifika hapa huanza kung'oa waya na kuzima ruta, na siku inapotea bure, kwa kuwa waya ni mzima. Kilichowapiga chenga ni foleni ya kuuliza.

Binadamu huita kompyuta kwa majina, lakini mtandao hupeleka mizigo kwa namba. Zamani za ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti, majina yote yalikaa katika faili moja, HOSTS.TXT, likitunzwa na kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler huko California. Kila taasisi ilinakili faili hilo kwake. Majina yalipozidi, mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo unaogawa kazi hiyo kwa seva nyingi. Lakini faili la zamani halikuzikwa. Mpaka leo linaishi ndani ya kila kompyuta kwa jina la hosts, na kwa kawaida linasikilizwa kabla ya DNS.

Katika Windows XP, programu kama ping hujiuliza kwanza: hili si jina langu mwenyewe? Kisha hutazama akiba ya majibu iliyo kwenye kumbukumbu, ambamo mistari ya hosts imekwisha kupakiwa. Ikikosa, huuliza seva ya DNS. Ikikosa na huko, huingia upande wa NetBIOS, mfumo wa zamani wa majina ya kompyuta za Windows: akiba ya upande huo, seva yake ya majina iitwayo WINS kama ipo, kupaza sauti mtandao mzima, na faili lake la majina, lmhosts. Anayejibu kwanza ndiye anayeaminiwa, hata akikosea, na wa nyuma yake haulizwi tena. Nslookup haipangi foleni hii. Yenyewe huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS, na ndiyo maana ilimpa fundi jibu zuri lisilomsaidia.

Windows 98 na NT 4 zilikuwa na mkorogo wa ziada. Kufungua folda ya pamoja kulianzia upande wa NetBIOS na kumalizikia kwa hosts na DNS. Basi ping ingeweza kufika salama huku folda ikikataa kufunguka, au kinyume chake. Jina la NetBIOS nalo lina kikomo cha herufi 15, kwa hiyo seva mbili zenye majina marefu yanayotofautiana mwishoni tu huonekana kama moja.

Fundi wetu anaandika ipconfig /flushdns kufuta akiba. Anapiga ping tena: bado 192.168.1.10. Hili huwachanganya hata wazoefu, lakini akiba ikifutwa, mistari ya hosts husomwa upya na kurudi palepale. Ingekuwa kosa limetoka DNS, kufuta kungetosha. XP hukumbuka hata jibu la "jina halipo" kwa dakika 15, na kwa sababu hiyo tatizo lililokwisha kutatuliwa huweza kuonekana bado lipo. Upande wa NetBIOS una amri yake, nbtstat -R, na hiyo R lazima iwe kubwa. Ndogo huonyesha takwimu tu.

Linabaki faili lenyewe la hosts, kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc. Windows 98 ililiweka ndani ya C:\Windows, pamoja na mfano uitwao HOSTS.SAM. Wapo waliohariri mfano huo wakashangaa mbona hakuna kinachobadilika, na wapo waliohifadhi kwa Notepad likawa hosts.txt, ambalo Windows hailijui kabisa. Wahalifu hawakukosea njia. Kirusi cha Mydoom.B, Januari 2004, kiliandika ndani ya hosts majina ya tovuti za kampuni za kinga dhidi ya virusi na kuyaelekeza pasipofika, ili aliyeambukizwa asipate dawa.

Hapa hakuna kirusi. Chini kabisa ya faili kuna mstari mmoja wenye 192.168.1.10 na jina la seva. Fundi anatia alama ya # mbele yake, anahifadhi, anapiga ping. Inajibu 192.168.1.20, na mhasibu anavuta kiti chake. Pembeni ya mstari ule kuna maelezo ya aliyeuandika, miaka kadhaa nyuma: "ya muda tu, nitafuta kesho."