Duru, Tabaka na Mwangwi: Istilahi za Kanyagio la Gitaa

Mfasiri anapokabidhiwa kijitabu cha maelezo ya chombo kipya, aghalabu hudhani kwamba kazi yake kubwa ni kutafuta jina la chombo hicho. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina ndilo jepesi. Uzito umo katika vitenzi. Mfano tutakaoutumia ni kanyagio ambalo wapiga gitaa hulitumia jukwaani kurekodi kipande cha muziki na kukirudia papo hapo, huku wakipiga sehemu nyingine juu yake.

Yafaa kwanza dhana yenyewe ieleweke. Gitaa huunganishwa na kanyagio, na kanyagio na amplifaya. Mpigaji akikanyaga mara ya kwanza, rekodi huanza. Akikanyaga mara ya pili, urefu wa kipande umekwisha kuamuliwa, nacho huanza kujirudia bila kukoma. Mathalani, kipande cha mapigo 16, kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, huchukua sekunde 8. Juu ya sekunde hizo 8 mpigaji huongeza sauti nzito za chini, kisha sauti za juu. Katika bendi zetu za dansi kazi hiyo hugawanywa: mmoja hupiga gitaa la rithimu, mwingine la solo, mwingine la besi. Hapa mtu mmoja huzifanya zote kwa zamu, na msikilizaji huzisikia kwa pamoja. Lakini akichelewa kukanyaga kwa nusu sekunde, kosa hilo halipiti likasahauliwa. Hurudi katika kila mzunguko.

Wazo hili lilitangulia kanyagio lenyewe. Katika miaka ya 1960 mwanamuziki wa Marekani, Terry Riley, alitumia mashine mbili za kurekodi zilizopitisha utepe mmoja: ya kwanza ilirekodi, na ya pili iliitoa sauti ile baada ya muda na kuirudisha katika ya kwanza. Waingereza Robert Fripp na Brian Eno waliitumia njia hiyo katika santuri yao ya mwaka 1973. Baadaye kumbukumbu ya kidijitali ilishika nafasi ya utepe, na chombo kikawa kidogo kiasi cha kuwekwa mbele ya mguu wa mpigaji. Mwaka 2004 KT Tunstall, mwimbaji kutoka Uskoti, alionekana katika televisheni ya Uingereza akijenga wimbo mzima peke yake kwa kanyagio la namna hiyo.

Tukiite nini basi kipande kinachojirudia? Wapo watakaopendekeza *kitanzi*. Neno hilo lilifaa wakati ncha mbili za utepe zilipounganishwa. Lakini leo utepe haupo, na msomaji hukumbuka kwanza mtego au mtu aliyenyongwa. *Kibwagizo* ni cha waimbaji, nao hukirudia kwa hiari yao, si kwa mashine. *Mwangwi* tayari una kazi yake: ni sauti inayorudi ikififia hadi ikatoweka, na yako makanyagio mengine yanayoitoa. Tunachokitafuta hakififii. Kwa hiyo tunapendekeza *duru*, yaani sauti inayozunguka na kurejea mwanzo wake. Na chombo kiitwe *kanyagio la duru*. Kila sehemu inayowekwa juu ya nyingine iitwe *tabaka*. Atakayependelea kutohoa na kusema *lupu* hatakosea sana, mradi asibadilishe neno kila ukurasa.

Sasa tuje kwenye vitenzi. Kanyagio moja linaweza kufanya mambo manne kwa mguu uleule, kutegemea umekanyagwa mara ngapi na kwa muda gani: *kurekodi* duru ya kwanza, *kuongeza* tabaka, *kutengua* tabaka la mwisho, na *kufuta* duru yote. Tendo la pili likifasiriwa kuwa “rekodi upya”, mwanafunzi ataamini kwamba sauti ya kwanza itapotea, naye hatathubutu kukanyaga. Hasara kubwa zaidi huja pale tendo la tatu na la nne yanapopewa kitenzi kimoja, *futa*. Mpigaji aliyekosea solo hutaka kuiondoa solo hiyo tu. Akiyafuata maelezo kama hayo, rithimu, besi na solo hutoweka kwa pamoja, ukumbi hunyamaza, na watu waliolipa viingilio humtazama. Mashine haikukosa, wala mguu haukukosa. Aliyekosa ni mfasiri.

Funzo hili halihusu muziki peke yake. Mtumishi anayefasiri fomu, au mwalimu anayeeleza matumizi ya kompyuta, hukutana na tofauti ileile kati ya kurudisha nyuma hatua moja na kuangamiza kazi nzima. Hapana budi ajiulize, kabla ya kuchagua neno: mtu akilitii neno hili, kitabaki nini na kitapotea nini?

Istilahi zilizotajwa hapa ni mapendekezo, si amri. Wapigaji wenyewe, ambao masikio yao yamezoea kazi hiyo, ndio watakaozikubali au kuzikataa. Wasomaji wenye maneno bora, hasa yale ambayo tayari yanasemwa ukumbini na mazoezini, wanaombwa wayalete ili yajadiliwe.