Ofisi Ikianika Anwani Yako Mtandaoni

Mwishoni mwa Desemba 2019, Ofisi ya Baraza la Mawaziri la Uingereza iliweka mtandaoni orodha ya waliotunukiwa nishani za Mwaka Mpya. Ndani ya faili hilo zilikuwamo anwani za watu zaidi ya 1,000, wengi wao za nyumbani. Lilikaa wazi kwa saa 2 na dakika 21, likafunguliwa mara 3,872. Maji yakimwagika hayazoleki.

Serikali haikuachwa hivi hivi. Mwaka 2021, ICO, yaani ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, iliitoza faini ya pauni 500,000. Ilikata rufaa, na mwaka 2022 pande zote mbili zikakubaliana pauni 50,000.

Mtumishi naye hubeba mzigo wake. Kifungu cha 170 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2018 kinamtia hatiani anayechukua au kutoa taarifa za mtu kwa makusudi bila ridhaa ya taasisi inayozitunza. Sisi wauguzi tunalijua hilo: ukifungua faili la mgonjwa usiyemhudumia, kompyuta inaandika jina lako na saa.

Kwa nini nawaandikia? Kwa mama aliyemkimbia mume mpigaji, anwani ni uhai wake. Hata hivyo wengi wetu hunyamaza tukihofia viza. Ndugu zangu, sheria hii haiulizi pasipoti. Inamlinda mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama inavyomlinda mzawa.

Yakikupata, piga picha ya ukurasa kabla haujaondolewa. Iandikie ofisi husika, ukitaka waiondoe taarifa hiyo na wakueleze ilivyotoka. Usiporidhika, peleka malalamiko ICO; hulipi kitu. ICO haitoi fidia. Hiyo hudaiwa mahakamani. Unaweza pia kuomba nakala ya taarifa zako wanazozitunza, na kwa kawaida wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja.

Nyumbani nako milango imefunguka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna wake. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Basi afisa akibandika kitambulisho cha mzazi wako kwenye kundi la WhatsApp, msiseme "ndivyo serikali ilivyo". Andikeni barua.