Chemirocha: Jina, Vazi na Utambulisho wa Vijana wa Kipsigis

Vijana wa Kericho na Bomet wapendao muziki wa kantri, hasa wale wavaao kofia pana za wachunga ng'ombe wa Marekani, hulaumiwa mara nyingi kuwa ni waigaji watupu. Lawama hiyo yafaa ipimwe kwa neno moja la Kikipsigis, nalo ni Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi huko Kapkatet nyimbo kadhaa zenye jina hilo. Mashuhuri zaidi ni ule ulioimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, kwa mlio wa kinubi kiitwacho chepkong. Msifiwa alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake iliwafikia Wakipsigis kwa njia ya santuri.

Kikipsigis hakitofautishi sauti ghuna na zisizo ghuna kama Kiingereza kifanyavyo. Kwa hiyo sauti ya mwanzo ya Jimmie na ile ya katikati ya Rodgers zote ziliangukia *ch*, na majina mawili yakaungana kuwa neno moja. Isitoshe, silabi *Che-* inafanana na mwanzo wa majina kama Chebet na Chelangat. Isidhaniwe kwamba mgeni aligeuzwa mwanamke, kwani Cheruiyot ni jina la wanaume. Alipewa tu jina lenye umbo la kwao.

Vazi nalo limo katika wimbo. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha alikuwa nusu mtu, nusu mnyama mwenye miguu ya swala, na wasichana walimhimiza acheze ngoma ya kuruka mpaka achomoke katika nguo zake. Tafsiri hiyo ni ya mgeni, na hapana budi ipokewe kwa tahadhari. Hata hivyo, jambo moja ni dhahiri: wasichana hawakuyatamani mavazi ya Mzungu. Walimtaka ayaache, aingie katika mchezo wenye kanuni zao. Anayeigiza hapo ni nani?

Rekodi hizo zilirudishwa kwa Wakipsigis katika miaka ya 2010. Mchunguzi wa kofia za leo angefanya vyema kuanzia hapo, akiuliza kwanza wavaaji wanaziitaje kofia hizo katika lugha yao, na wanazivaa wakicheza ngoma gani.