Chimba Kidimbwi, Mkaribishe Kereng'ende

Taja kidimbwi cha nyumbani mbele ya majirani wa Dar es Salaam, utajibiwa neno moja: mbu. Hofu hiyo ina haki yake. Jiji liliugua dengue mwaka 2014, likaugua tena 2019, na malaria bado ipo. Ila mbu wa dengue hana haja na kidimbwi. Yeye hutaga kwenye kifuu cha nazi, tairi bovu, kopo la rangi lililosahaulika uani. Anofelesi wa malaria ndiye wa kuogopwa hapa, kwani hustawi pale maji yanapotuama bila kiumbe wa kuwala viluwiluwi wake.

Wataalamu waliofanya utafiti Kisii, Kenya, uliochapishwa mwaka 2007, walikuta kwamba mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa yalikuwa yamejaa viluwiluwi vya mbu. Waliporudisha sato humo, anofelesi walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 katika wiki 15. Kwa hiyo la kujiuliza ni nani ataishi ndani ya maji hayo.

Kwa kidimbwi cha mita 2 kwa 3, katikati pafike kina cha sentimita 60. Upande mmoja uteremke taratibu, kwa sababu shimo lenye kuta wima huwa mtego: mjusi na ndege mchanga huingia wasitoke. Ondoa mizizi na vigae, tandika mchanga au magunia ya zamani, kisha plastiki nzito ya mabwawa yenye ukubwa wa mita 4 kwa 5, kingo zake zikandamizwe kwa mawe. Maji ya mvua kutoka kwenye bati ndiyo bora. Ya bomba yaache siku mbili klorini ipungue kabla ya kutia samaki.

Panda ndago na yungiyungi wa kienyeji. Gugumaji usilisogeze hata kama ua lake limekuvutia. Tunajua lilivyolitesa Ziwa Victoria.

Wiki za mwanzo ndizo za hatari, maana mbu hufika kabla ya maadui zake. Kiwanda cha Kibaha hutengeneza dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi vya mbu bila kudhuru samaki wala chura. Itumie kama maelekezo yake yanavyosema.

Kisha wageni huanza kuja wenyewe, na hapa ndipo penye raha. Kereng'ende wa manjano tunaowaona wakati wa vuli ni wasafiri wa ajabu: mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alichapisha hoja kwamba huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki wakibebwa na upepo. Wakifika hutafuta maji ya mvua na kutaga. Watoto wao huishi majini, nao ni wawindaji wakali wa viluwiluwi vya mbu. Kuna pia chura wa mitini wa pwani yetu anayetaga ndani ya povu jeupe kwenye tawi lililoinamia maji. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi hudondoka majini kimoja kimoja. Acha tawi moja liiname hapo, pengine atalichagua.

Samaki nao hula viluwiluwi vya chura, na watoto wa kereng'ende hawawaachi. Wako wanaosema kidimbwi cha viumbe wa porini kisiwe na samaki kabisa. Kwenye nchi ya malaria siwaungi mkono. Tia sato wachache wadogo, kisha ujaze ndago na mawe upande wa kina kifupi ili wanyonge wapate pa kujificha.

Panapo vyura, nyoka hupita. Chimba mbali na mlango, fyeka majani ya njiani. Nyumba yenye mtoto mdogo izungushie kidimbwi uzio imara au isubiri akue. Sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha.

Anayetaka kuwahi masika achimbe Februari. Na siku utakapochoka kukitunza, mwaga maji, ng'oa plastiki, ufukie shimo. Usikiache kikawa bwawa la kutelekezwa, kwa maana mbu watakaozaliwa humo wataingia nyumba za jirani zako pia.